Minazi Miwili Nyuma ya Jiko

Kuti la tatu lilianguka Alkhamisi asubuhi. Mwamvua aliliburura mwenyewe hadi nyuma ya choo, akalifunika kwa magunia, kisha akarudi kuzoa vidaka vilivyodondoka mchangani, vile vinazi vichanga ambavyo havijafika hata ukubwa wa ngumi. Mtu angemwona angedhani anaiba, naye yuko uani kwa mama yake mzazi. Wiki ya pili hii anafanya hivyo, na ole wako umuulize anatafuta nini huko.

Basi nieleze mnazi huo ulikuwa wa nani, maana bila ya hilo mtamwona mwanamke huyu ana wazimu.

Ulikuwa mnazi wa Mize, bintiye. Pale Chwaka mtoto akidondoka kitovu hakitupwi ovyo. Huchimbwa shimo, kitovu kikafukiwa, na juu yake ikapandwa nazi iliyochipua. Mnazi ukiota ni wake yule mtoto mpaka anazeeka, na watu humwambia hivyo hivyo, "Mnazi wako umeanza kuzaa," kama wanavyomwambia mtu mwanao ameanza kutembea. Mize alizaliwa pacha, mwaka arubaini na nne, yeye na Kidawa. Ikapandwa minazi miwili nyuma ya jiko la bibi yao. Wa upande wa kibla wa Kidawa, aliyetangulia kutoka, na wa upande wa kisima wa Mize.

Kidawa hayupo. Baba yao alifariki kwa homa mapacha hawajafika miaka miwili, na Mwamvua akachukuliwa na wifi yake, Mwatima, wakakaa pamoja Mji Mkongwe katika nyumba ya kupanga, nyumba kubwa ya mawe iliyochoka. Masika ya mwaka hamsini ilinyesha siku nne bila ya kupumua. Siku ya nne, saa saba mchana, ukuta wa nyuma ukakaa chini. Mize alikuwa ametumwa chumvi dukani. Kidawa alikuwa amelala, ana mafua. Watu sita walitolewa wazima chini ya vifusi na boriti, na mtoto mmoja akazikwa jioni ile ile.

Tokea siku hiyo Mwamvua akahama mji, akarudi Chwaka kwa mama yake, Bi Mwanakheir, na kwa miaka saba hakuingia tena ndani ya nyumba ya mawe. Akienda mjini kwa dharura, humwamkia wifi yake kutoka njiani, amesimama katikati ya kichochoro, na Mwatima humtolea kahawa nje. Hata mvua inyeshe. Na kwa kuwa kaburi la mwanawe liko mbali, aliugeuza ule mnazi wa kibla kuwa ndiyo ziara yake. Akaufagilia, akauzungushia makombe ya pwani, kila Alkhamisi akasoma Fatiha chini yake, na kila jioni akaumwagilia ndoo mbili za maji. Aliambiwa na kila mwenye mdomo kuwa mnazi uliokwisha simama haumwagiliwi. Hakusikia. Na mnazi nao, wallahi, ukashukuru, ukatoa mikungu hata wapita njia wanasimama kuutazama. Jirani wakauita mnazi wa marehemu, na mtu akiwa na majonzi yake hupita akaugusa.

Wa pili haukumwagiliwa na mtu. Ulikuwa wa mtoto aliye hai, anayekula, anayepigiwa kelele. Nani angehangaika nao? Sasa ndio ule unaoanguka makuti.

Mtanambia: Kidawa si alikufa, na mnazi wake si umesimama? Basi mti na mtu wapi na wapi? Kamwambieni yeye. Mtu akishaingiwa na hofu hakubali kusahihishwa. Mwamvua alikuwa na jawabu yake tayari, kwamba mnazi wa Kidawa huenda ulinyong'onyea vile vile mwaka ule wa hamsini, yeye yuko mjini, hakuuona, na kama angeuona angekimbia na watoto wake kabla ukuta haujaanguka. Safari hii ameiona dalili. Safari hii hatoki mtu hapa.

Na Mungu naye na mambo yake, wiki hiyo hiyo ndiyo Mwalim Shamsi alipopiga hodi na barua. Mwalim Shamsi alikuwa mwalimu wa skuli ya pale kijijini, mtu mwembamba mwenye baiskeli kubwa, na siku hiyo alishindwa hata kusubiri akaribishwe.

"Mize kafaulu, Bi Mwamvua! Peke yake katika wasichana wa hapa! Anatakiwa skuli ya mjini Jumatatu ijayo. Asipofika siku hiyo nafasi anapewa mwengine, kwa hivyo msilale."

Bi Mwanakheir alipiga kigelegele jirani wakatoka nje. Mize alikuwa mlangoni, kashika ufagio, na ule ufagio ukamtoka mkononi. Mwamvua aliipokea barua, akaikunja mara nne, akaitia katika mkoba wake wa ukili.

"Ahsante, Mwalim," alisema. "Hendi."

Mwalim Shamsi alidhani hakusikia vizuri. Akaeleza upya, taratibu, kwamba hakuna ada kubwa, kwamba mtoto atakaa kwa shangazi yake Mwatima, ambaye keshaulizwa na keshakubali. Kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharibu, maana Mwatima alikuwa bado anakaa Mji Mkongwe, nyumba nyengine, ya mawe vile vile.

"Nshasema hendi, Mwalim. Nenda salama."

Siku tatu nyumba ile haikuwa na raha. Mwamvua alimkataza Mize kwenda pwani, akamkataza kuteka maji peke yake, akamkataza kuchanja kuni asije akajikata. Akikohoa anawekewa mkono kipajini. Mize alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, mwenye akili na ulimi wake, na hakuna aliyemwambia sababu. Aliona tu kuwa amefaulu na anaadhibiwa. Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali.

"Wewe Mwamvua," alisema Bi Mwanakheir, "huyo mtoto umemzaa au umepewa umuweke kabatini? Mwache akasome! Mimi sikujua hata kuandika jina langu, naona raha gani?"

"Mama, niache."

"Sikuachi. Una nini wewe? Umekonda, huli, unazungukazunguka chooni. Una tumbo?"

Jumatano jioni mambo yakafika pabaya. Mwamvua alimwambia bintiye ateke maji ya mnazi wa Kidawa, kama ada. Mize aliijaza ndoo, akaileta mpaka katikati ya uwanja, akaitua chini.

"Mama, na wangu nani anaumwagilia?"

"Unasema nini?"

"Mnazi wangu. Tokea nna akili zangu nabeba maji naupita, naenda kumwagia wa Kidawa. Na Kidawa nampenda. Lakini mimi niko hapa, mama. Niko hapa, na huniachi hata niende skuli."

Akaingia ndani. Mwamvua alibaki na ile ndoo. Maneno yale yalimchoma mahali ambapo Mize hakupajua kabisa, kwani sasa aliona wazi: mnazi wa mtoto unakufa kwa sababu mama mtu aliusahau. Alikwenda akaumiminia mnazi wa kisimani ndoo nzima, akaongeza ya pili, ya tatu, mpaka tope likamfika vifundoni, na Alkhamisi asubuhi ndipo lilipoanguka kuti la tatu.

Basi mchana wake akamwita Makungu.

Makungu alikuwa ndugu yake mdogo, mkwezi wa minazi, maarufu kuanzia Chwaka hadi Uroa kwa mambo mawili: kupanda haraka na kula sana. Umri wake miaka ishirini na saba, hajaoa, kila mwaka anasema mwakani. Alikuja na kamba yake na panga kiunoni, akanusa upande wa jikoni kwanza.

"Dada, nasikia harufu ya samaki changu."

"Utakula. Nipandie kwanza huu, unitazamie kilele."

Makungu aliutazama mnazi wa kisimani kutoka chini na uso wake ukabadilika kidogo. Alitia kitanzi miguuni, akapanda, akakaa juu muda mrefu kuliko kawaida yake, akipapasa huku na huku. Alipoteremka alijifuta jasho kwa shati.

"Si chonga, yule mdudu wa minazi," alisema. "Ningeona matundu. Umekonda tu, kilele kimekuwa kidogo. Huu umekwisha, dada. Tuukate kabla haujaliangukia jiko."

Mwamvua alikaa chini pale pale mchangani. Siku zote zile hakumwambia mtu, na sasa maneno yakamtoka yenyewe.

"Mize atakufa, Makungu."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Sasa hivi. Mnazi wake umekwisha, umesema mwenyewe. Kitovu chake kiko pale. Wewe ndiye uliyekizika, hukumbuki? Mwenzake kashakwenda, na yeye ndio anafuata. Nami simtoi hapa kwenda kulala chini ya mawe, nije niletewe maiti ya pili."

Akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyechoka. Makungu alimtazama dada yake, akautazama mnazi. Kisha akazoa kamba yake akaondoka. Hakuaga. Wali ulikuwa umeshapakuliwa, mchuzi wa changu juu yake, na Makungu aliupita. Bi Mwanakheir, aliyekuwa anatazama kutoka jikoni, alisema katika maisha yake hajapata kuona jambo la kutisha kuliko hilo.

Alirudi kesho yake baada ya sala ya Ijumaa, kavaa kanzu na kofia yake nzuri. Mama yake alimsogezea kibao, akakikataa, akakaa chini kabisa mbele ya wanawake wawili. Macho mekundu.

"Mama, na dada. Nna neno, na mkinifukuza baada yake ni haki yenu."

"Umempa mtu mimba?" aliuliza Bi Mwanakheir.

"Mama! Sikiliza. Siku ile ya vitovu. Ulinipa vitambaa viwili, ukanambia mashimo mawili, kina chake cha kiunoni, kila kitovu na nazi yake."

"Nakumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na minne na mvivu vile vile."

"Shimo la kibla nililichimba vizuri. La huku kisimani, nilipofika kadiri ya mkono, jembe likagonga jiwe. Nikasogea kidogo, jiwe. Nikasogea tena, jiwe. Bamba zima, mama, limelala chini pale. Na mimi nilikuwa na haraka. Tulikuwa tunacheza mpira na vijana wa Marumbi."

"Mpira," alisema Bi Mwanakheir.

"Mpira. Sasa nikaona, kitovu cha mtoto siwezi kukiweka juu ya jiwe, udongo mkono mmoja tu, panya waje wakifukue usiku ule ule. Nikakichukua nikakirudisha kwenye shimo la kibla. Nikaviweka vyote viwili pamoja, nikavifukia, nikapanda nazi moja juu yao. Hii ya huku nikaipandia udongo wa kuparuza, basi tu muione imesimama. Nilidhani itakufa ndani ya mwezi. Ikaota! Miaka kumi na mitatu inakula udongo wa juu ya bamba, na sasa umekwisha. Hapa chini hapana kitovu cha mtu, dada. Hapana kitu. Ni mnazi tu."

Kuku mmoja alipita baina yao akitembea kwa madaha yake.

"Na mlishinda?" aliuliza Bi Mwanakheir.

"Tulifungwa matatu."

"Stahili yako!" Mwiko uliruka ukamkosa sikio kidogo tu. "Mimi nakutuma jambo la heri, wewe unakwenda kurusha matege yako na watu wa Marumbi! Miaka kumi na mitatu nawaambia watu, huu wa Mize, huu wa Mize!"

Mwamvua hakuwa anawasikia. Alikuwa ameshainuka. Alichukua jembe lililoegemezwa ukutani, akenda hadi kwenye shina la mnazi wa kisimani, ambapo tope lake la juzi lilikuwa bado halijakauka, akaanza kuchimba. Pigo la kwanza, udongo. La pili, mizizi. La tatu, jembe likalia, chuma juu ya jiwe, na mtetemo ukampanda hadi mabegani. Akasogea hatua moja. Likalia tena. Akasogea. Likalia. Alichimba akauzunguka mnazi mzima, leso inamteleza, na kila mahali jiwe lilikuwa lile lile, limelala kadiri ya mkono chini ya ardhi, na mizizi imetambaa juu yake haina pa kwenda.

Alisimama akashusha pumzi. Ile pumzi aliishusha kutoka mbali, maana alikuwa nayo tokea wiki mbili, na mimi nadhani nyengine ilikuwa ya miaka saba. Lakini mtu aliyezoea hofu haiachi mara moja. Akageuka na jembe lake mkononi.

"Kwa hivyo viko pamoja," alisema. "Cha Mize na cha Kidawa. Shimo moja."

Hapo ndipo Makungu alipokishusha kichwa chake magotini. Lile kosa la mpira lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa bado kifuani.

"Ndiyo maana sikusema," alisema. "Alipokufa Kidawa nilitaka kusema, nikaogopa. Nikaona ni mimi. Nimewachanganya watoto, nimeharibu, ndiyo mmoja kaondoka. Kila nikipanda mnazi wa marehemu kuangua nazi, namwomba radhi. Miaka saba, dada. Mimi ndiye niliyemuua mtoto wako kwa ajili ya mpira."

Kijana mzima, mabega kama mlango, analia mbele ya mama yake na kofia imemvuka. Mwamvua alilitupa jembe. Alikwenda akapiga magoti mbele ya ndugu yake, akamshika uso kwa mikono ile ile iliyojaa udongo.

"Wewe una wazimu? Kitovu kimefanya nini? Kidawa kauliwa na ukuta, Makungu. Ukuta mbovu na mvua siku nne. Nilikuwepo mimi. Wewe ulikuwa Chwaka. Mnazi ulikuwa Chwaka. Mti haukumfanya kitu mwanangu, ni ukuta!"

Alikuwa amejisikia. Yale maneno aliyatoa ili amfariji mwenziwe, na sasa yalimrudia yeye mwenyewe, hana pa kuyakwepa. Alibaki amemshika Makungu mashavu, anarudia polepole, safari hii hamwambii mtu, "Ni ukuta. Mti haukufanya kitu."

Na Mize alikuwa mlangoni mwa jiko. Alikuwepo tokea mwanzo. Nyumba yenye mambo kama yale ni mtoto gani atakayekaa chumbani? Alitoka akapita katikati yao, akenda hadi kwenye mnazi wa kibla, akauweka mkono.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Basi miaka yote ile ulikuwa ukinimwagilia na mimi."

Ndoo mbili kila jioni, miaka saba. Mwamvua alikuwa akidhani anamtunza aliyekwenda, kumbe na aliyebaki yuko hapo hapo, anakunywa maji yale yale. Alimvuta bintiye kifuani, wakacheka na kulia pamoja, na Bi Mwanakheir akasema kelele zile zitafanya watu wadhani pana msiba, wakati hapa hapana msiba, hapa pana mtoto wa kupelekwa skuli na mpumbavu mmoja ambaye hajala tokea jana.

"Bado upo ule mchuzi?" aliuliza Makungu, akijifuta kamasi kwa kanzu.

Jumamosi waliukata mnazi wa kisimani. Uliangukia pale pale Makungu alipotaka uangukie, bila ya kugusa jiko, na mizizi yake ikabanduka juu ya bamba bila ya shida yoyote. Kisha akakipasua kilele, akatoa kichilema, ule moyo mweupe wa mnazi ambao huupati mpaka mti wenyewe umekwenda chini. Kilikuwa kidogo lakini kitamu. Walikikata vipande, wakala mbichi, wakawapelekea jirani na Mwalim Shamsi. Mize alikula kipande kikubwa kuliko wote, na mama yake akamtazama anavyotafuna, hakumwekea mkono kipajini.

Jumapili wakapanda gari la asubuhi kwenda mjini, mama na mwana, na begi la nguo na mkungu wa ndizi wa kumpelekea Mwatima. Njia nzima Mwamvua alikuwa mchangamfu. Walipoteremka Darajani na kuingia vichochoroni, akapunguza maneno. Walipofika mlangoni kwa wifi yake, akasimama katikati ya njia, mahali pake pa miaka yote. Kuta zilipanda juu pande zote mbili.

Mwatima alitoka, mwanamke mnene mwenye haya, ambaye naye ukuta ule ulimwachia kovu la goti na mengine asiyoyasema. Aliona, naye alikuwa keshazoea.

"Wifi, karibu. Au niwatolee kahawa hapo hapo?"

Mize hakumvuta mama yake, hakumwangalia kwa jicho la kumhimiza. Alibeba begi lake akaingia ndani, kama mtu anayeingia nyumbani, na sauti yake ikasikika ukumbini ikimuuliza shangazi yake vyombo vya kunywea maji viko wapi.

Mwamvua alimsikiliza. Kisha akavua viatu, akasema bismillahi, akaingia.

Ndani mlikuwa na baridi nzuri. Alizitazama boriti, moja moja, akazihesabu. Alizipapasa kuta za ukumbi, na Mwatima akamfuata nyuma akimwonesha pale palipotiwa chokaa mpya, na pale mwenye nyumba alipoweka nguzo baada ya kusumbuliwa mwaka mzima. Hapakuwa na uchawi wala dalili. Palikuwa na ukuta mzuri na ukuta mbovu, na huu ulikuwa mzuri. Usiku ule, hata hivyo, hakulala. Alikaa kitako pembeni ya kitanda cha Mize hadi adhana, na mimi simlaumu, hata jiwe lenyewe lingemwelewa.

Asubuhi ya Jumatatu alimsuka bintiye nywele, akamfunga ushungi, akamvalisha sare aliyoazimwa kwa jirani. Walikuwa na saa nzima mbele yao. Mwamvua alisema atajinyoosha kidogo tu juu ya mkeka wa ukumbini, waondoke pamoja, ampeleke mpaka getini kwa mkono wake, amkabidhi kwa mwalimu, asome na dua.

Alipofumbua macho jua lilikuwa upande mwengine wa ukumbi. Mtu alikuwa amemfunika leso. Kwenye kichochoro muuza maji ya ndimu alikuwa akipiga kelele, na msikitini walikuwa wanatoka sala ya adhuhuri. Akaruka akakaa.

"Mize! Mize yuko wapi?"

"Kenda skuli zamani," alijibu Mwatima kutoka jikoni. "Nimempeleka mimi."

"Lo! Mbona hamkuniamsha? Siku kama ya leo!"

"Nilitaka. Yeye kakataa. Kasimama hapo mlangoni anakutazama, unakoroma mdomo wazi chini ya boriti, akanambia, 'Shangazi, mwache. Hajapata kulala hivi tokea nimjue.'"

Mwamvua alitazama juu. Boriti zilikuwa pale pale, na alikuwa amelala chini yake muda wa saa tano, bila ya ndoto. Akajilaza tena, taratibu, akaivuta leso hadi kidevuni.

"Wifi," alisema, "mna chakula?"